Sanduku la Sabufa kwa Pikapu Ndogo: Tathmini ya Karakana Moja ya Malindi

Kwa mwenye pikapu ya kabini moja, nafasi pekee ya kuweka sabufa, yaani spika ya milio mizito, ni ule upenyo mwembamba ulio nyuma ya kiti, na masanduku yaliyo tayari madukani hayaingii pale ila kiti kisogezwe mbele hadi magoti ya dereva yakaribie usukani. Kwa hiyo niliagiza sanduku la kupimiwa katika karakana ya seremala iliyoko upande wa Maweni, hapa Malindi. Naiandikia tathmini kazi ile kwa sababu ilifanywa kwa ufahamu ambao ni nadra kuupata hata kwa wanaouza vyombo vya muziki wa gari.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba fundi alikataa kukata ubao kabla ya kuiona spika. "Lete spika kwanza, kaka, na karatasi iliyokuja nayo," alisema, na karatasi ile akaisoma mstari kwa mstari akitafuta ujazo ambao mtengenezaji anaupendekeza. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Tangu kazi za wahandisi wa sauti Neville Thiele na Richard Small, zilizojulikana kwa upana miaka ya 1970, inafahamika kwamba ukubwa wa sanduku hukokotolewa kutokana na tabia za spika yenyewe, wala haukisiwi kwa macho. Kabla sijaenda kwa fundi huyu, duka moja lilikuwa limenishauri ninunue spika ya inchi 12 pamoja na sanduku lenye tundu la hewa, bila hata kuuliza gari ni la aina gani.

Tuliafikiana juu ya spika nyembamba ya inchi 10 na sanduku lililozibwa kabisa. Upana wake ni sentimita 60, kimo sentimita 40, na kina sentimita 18 chini na 10 juu, kwa kuwa ubao wa mbele umelazwa kufuata mlalo wa kiti. Ukitoa unene wa mbao na nafasi inayochukuliwa na spika, ndani hubaki takribani lita 20, ujazo unaozifaa spika nyingi za kipimo hicho. Sanduku lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa umeme uleule, lakini huhitaji ujazo mkubwa na mfereji mrefu wa hewa, na mlio ukishuka chini ya kiwango ambacho tundu limepimiwa, koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetemeka, hukosa kizuizi na inaweza kujiumiza. Katika sanduku lililozibwa, hewa ya ndani ndiyo springi inayoizuia koni.

Tena, udogo wa kabini ambao wengi huulalamikia una faida yake. Wimbi la sauti la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, nayo kabini ya pikapu haifiki hata mita 2, kwa hiyo milio mizito hugeuka kuwa mgandamizo unaoijaza kabini yote, na ule upungufu wa besi unaosemwa juu ya masanduku yaliyozibwa hufidiwa kwa kiasi kikubwa.

Katika uteuzi wa mbao, fundi aliikataa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi. Ni nzito, haitetemeki ovyo na hukatika vizuri, lakini katika unyevu wa pwani yetu kingo zake hunywa maji na kuvimba, na skrubu zikishalegea hazikazi tena. Alitumia plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, ya milimita 18, akaunga kwa gundi na skrubu, kisha akaziba viungo vyote kwa ndani kwa silikoni, kwa uangalifu wa mtu anayetia jahazi kalafati. Baada ya kuifunga spika, alicheza mlio mzito kutoka kwenye simu na kupitisha kijiti cha udi kinachofuka kandokando ya kila kiungo. Kwenye kona moja ya chini moshi ukatikisika. Akaifungua spika, akaongeza silikoni, akangoja ikauke, akarudia jaribio lile mpaka moshi ukapanda umenyooka pande zote. Sijawahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo, nami naliona kuwa jambo kubwa, kwa maana sanduku lililozibwa likivuja hupiga miluzi na kuipoteza besi.

Zipo kasoro. Kazi ilichelewa kupita ahadi, na taarifa ya kuchelewa niliipata baada ya kuifuata mwenyewe. Zulia la kufunikia limebanduka kidogo kwenye pembe ya juu, na harufu ya gundi ilikaa kabinini muda mrefu kuliko nilivyopenda. Vishikio vya waya ni vya plastiki hafifu, na kwa bei ile, iliyokaribia maradufu ya sanduku la dukani, nilitarajia vya chuma.

Kuhusu sauti, sina lalamiko. Katika barabara ya kwenda Mambrui, madirisha yakiwa wazi na injini ikinguruma, ngoma za chakacha husikika kila moja kwa nafasi yake: vumi, ile ngoma nene, linatua na kunyamaza papo hapo, halifuniki chapuo, ile ngoma ndogo, na mwimbaji anabaki mbele. Fundi aliacha upenyo wa vidole viwili kati ya koni na kiti, hivyo kiti hakiigusi spika hata sauti ikipandishwa.

Karakana hii haifanyi kazi ya umeme, na atakayekwenda atafute fundi wa waya mapema. Amtake aweke fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye ncha yake, atumie waya wa shaba halisi badala ya alumini iliyopakwa shaba, na aukwangue rangi mwili wa gari mahali panapofungwa waya wa ardhi, kisha apapake grisi, kwa kuwa chumvi ya hewa ya hapa hula kiungo kilichoachwa wazi.