Kebo ya hadi diski kwa kompyuta ya zamani: ipi uanze nayo

Kompyuta ya mezani ya mwaka 2002 ikianza kusuasua, watu hukimbilia kuilaumu hadi diski. Mimi huanza na ule mkanda wa kijivu unaoiunganisha na ubao mama. Nazungumzia mashine za IDE, yaani mfumo wa zamani wa kuunganisha diski, zenye soketi ya pini 40. Wenye soketi ndogo za SATA, mfumo mpya zaidi uliochukua nafasi ya IDE, nimewawekea neno mwishoni.

Nafasi ya kwanza naipa kebo bapa ya nyuzi 80, na wala haina mshindani wa karibu. Usidanganyike na kichwa chake: kina matundu yale yale 40. Nyuzi 40 za ziada ni za ethi (waya wa ardhi), zimelazwa kati ya zile za data ili ishara zisiingiliane. Ukiwa dukani, pitisha ukucha juu ya mkanda. Ya nyuzi 40 ina matuta unayoweza kuyahesabu. Ya 80 ni laini, karibu kama utepe. Diski iliyoundwa kwenda megabaiti 100 au 133 kwa sekunde, ukiifunga kwa kebo ya nyuzi 40, itabanwa kwenye 33. Urefu usizidi sentimita 46. Zile ndefu za kufikia diski ya juu kabisa kwenye kasha, mwachie muuzaji.

Kisha angalia rangi: kichwa cha bluu kinakaa kwenye ubao mama, cheusi cha mwisho ni cha masta (diski ya kwanza), cha kijivu katikati ni cha slevu (diski ya pili). Niliwahi kuigeuza kebo hiyo kwenye kompyuta ya steshenari ya shangazi yangu, eti kwa sababu kichwa cheusi kilifika ubaoni bila kuvutwa. Mashine iliwaka, Windows ikafunguka, nikaondoka kifua mbele. Jioni akanipigia: "Mwanangu, hizi picha za pasipoti mbona zinahama kama zinakwenda kwa miguu?" Kichwa cha bluu ndicho kinachoujulisha ubao, kupitia pini ya 34, kwamba nyuzi ni 80. Kikikaa upande wa diski, ubao hudhani umefungiwa kebo ya zamani.

Jampa, vile vibanio vidogo vya kuunganisha pini nyuma ya diski ili kuchagua nafasi yake, nazo zina ubishi wake. Diski mbili kwenye kebo moja: ama zote ziwe CS (kebo yenyewe ichague nafasi), ama moja MA (masta) na nyingine SL (slevu), bila kuchanganya. Baadhi ya diski za Western Digital zikiwa peke yake hazitaki jampa ya masta kabisa, kwa hiyo soma lebo iliyo juu yake. Mstari mwekundu wa kebo ni pini ya 1, na kwenye diski kwa kawaida huelekea upande wa plagi ya umeme.

Ya pili ni kadi ndogo ya kugeuza IDE kuwa SATA, ili soketi ya IDE ipokee diski ya SATA. Ichukue pale diski ya IDE imekufa na zilizobaki sokoni ni chakavu kama iliyokufa.

Ya tatu, kebo ya mviringo. Inapendeza na inapitisha hewa, lakini nyuzi zikishasokotwa pamoja, ule mpangilio wa ethi unavurugika.

Ya nyuzi 40 inafaa kwa kisomea CD tu. Ukipewa bure, pokea.

Kwa SATA, rangi ya kebo haina maana yoyote. Tafuta yenye kibanio cha chuma, isiyozidi mita 1, na usiikunje kona kali. Pesa yako ielekeze kwenye adapta ya umeme, ile ya kutoka plagi ya Molex (plagi ya umeme ya zamani yenye pini nne) kwenda SATA. Epuka yenye kichwa cha plastiki iliyomiminwa kipande kimoja juu ya nyaya, maana ndani nyaya zinaweza kugusana na kuungua. Nunua ile ambayo ukiigeuza unaona kifuniko kilichobanwa na kila waya umekaa kwenye mfereji wake.