Futari ya watu 200 chuoni: mihogo safi, uji umechelewa

Mpishi huyu wa shughuli anahudumia kampasi moja ya Dar es Salaam, na oda yake kubwa ya mwaka ni futari ya pamoja ya jumuiya ya wanafunzi: watu 200, masinia 40, watano kwa sinia. Anapika vizuri sana. Kinachomwangusha ni kupakua.

Mihogo ya nazi ndiyo fahari yake. Kwa idadi hiyo alitumia kilo 50 za mihogo iliyokwisha menywa na nazi 45. Mihogo inachemshwa kwanza kwa tui la pili, chumvi na kitunguu, mpaka ncha ya kisu ipite bila kusukuma. Tui zito linamiminwa mwisho, moto ukiwa umepunguzwa na sufuria ikiwa wazi, huku ukikoroga taratibu. Moto ukibaki mkali tui linakatika: mafuta yanaelea juu, chini yanabaki maji yenye chenga. Sinia zake zilikuja tui limeshika kila kipande, na ule uzi mgumu wa katikati ya muhogo ulikuwa umetolewa wote. Kwa kilo 50 hiyo ni kazi ya subira, na inastahili kusifiwa. Magimbi aliyachemsha kwenye sufuria yake peke yake, ndivyo inavyotakiwa, kwani gimbi lililoiva nusu linawasha koo na haliivi sawa na muhogo.

Sambusa zilikuwa na viungo vya kutosha lakini zililegea. Zilikaangwa saa 9 alasiri, zikafungiwa kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko zikiwa bado moto. Mvuke ukageuka maji na manda ikanywea. Sambusa za futari zikunjwe mchana, zikaangwe jioni. Makarai mawili, sambusa 40 kila moja, dakika saba kwa mkupuo, yanamaliza 600 ndani ya saa moja. Zikitoka zitandazwe kwenye ungo, zipumue.

Kasoro kubwa ni uji. Mwezi wa Machi magharibi ya Dar es Salaam inaingia saa 12 na nusu hivi, na kila mtu anataka kikombe dakika hiyohiyo. Lita 60 za uji wa pilipili manga, mililita 300 kwa mtu, zilitosha kabisa. Tatizo ni kwamba zilikaa mahali pamoja, na upawa ulikuwa mmoja. Kikombe kimoja kikichukua sekunde 8, watu 200 wanachukua karibu dakika 27, na swala haisubiri. Nusu ya wanafunzi waliswali wakiwa wamekula tende tatu na maji tu. Waliporudi uji ulikuwa umeganda utando na kuwa mzito. Upande wa kina dada, ulio mbali na mlango, ndio ulioumia zaidi. Ni dhuluma kwa mtu aliyeshinda darasani na swaumu yake.

Dawa yake ni nyepesi: chupa ya chai ya lita moja na nusu kwa kila sinia. Inatosha watano barabara, na chupa 40 zinakodishwa palepale panapokodishwa masinia. Uji utiwe ukiwa mwepesi kidogo, maana unaendelea kuwa mzito ndani ya chupa.

Jambo moja wapishi wengi hawaulizi, yeye aliuliza: kuna wageni Wakatoliki? Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo, kwa hiyo futari ya Ijumaa iliangukia Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kutokula nyama. Alitenga masinia sita ya sambusa za samaki na kuyawekea alama ya ndimu. Jumuiya za Kikristo zinazomwita kwa pilau ya Pasaka zinamjua kwa uangalifu huohuo.

Malipo ni nusu kabla, nusu masinia yakisharudi. Yahesabiwe mbele ya pande zote mbili. Idadi iongezwe watu 10 kwa kila 100, kwa sababu marafiki huja na marafiki. Na kwenye makubaliano iandikwe saa ya chakula kuwa kimepangwa mkekani, 12 kasorobo, pamoja na hizo chupa 40.