Kufuli, Kitasa au Komeo: Nini Kinunuliwe Kwanza kwa Mlango wa Nyumba ya Visiwani

Kufuli lililonifundisha mengi ya haya ninayoyaandika lilikuwa zima kabisa. Tulikuwa tumekwenda Wete, Pemba, arusini kwa siku tatu, na tuliporudi nyumbani Kiembesamaki nililikuta limelala barazani mbele ya mlango wa uani, limefungwa vile vile nilivyolifunga, na nilipotia ufunguo likafunguka bila ya tabu. Lilikuwa bado limeshikana na bamba lake na tumbuu yake, yaani ile pete ya chuma inayopitishwa kufuli, na kwenye bamba zikining'inia skurubu nne fupi, urefu wake haufiki kiungo cha kidole, zikiwa na unga mweupe wa mbao kwenye meno yake. Mwizi hakuligusa kufuli. Alipenyeza kitu nyuma ya bamba akavuta, akachukua mtungi wa gesi, feni mbili na cherehani ya mama watoto. Kufuli nilikuwa nimelichagua kwa makini na kulilipia bei ya juu kuliko yote yaliyokuwapo dukani, na zile skurubu fundi alizitoa kwenye kopo lake bila ya mimi kuuliza.

Tangu siku hiyo, kila jamaa anayehamia nyumba mpya akaniuliza anunue kufuli gani, humjibu kwanza kwa kumuuliza litaning'inia wapi. Wapo pia wanaouliza kuhusu bastola ya kuweka ndani. Hiyo ni silaha inayohitaji leseni na uchunguzi wa polisi, na hata aliyeipata kihalali bado ana mlango wa kufunga usiku na watoto wa kuwalinda wasiifikie. Fedha ya mwanzo ya ulinzi wa nyumba naiweka mlangoni, na mpangilio wangu wa manunuzi ni huu ufuatao, kwa kuanzia na kinachostahili kutangulia.

Nafasi ya kwanza naipa komeo zito la chuma pamoja na tumbuu iliyofungwa kwa bolti zinazopenya ubao mzima. Mwombe muuzaji bolti za kichwa cha mviringo, zile ambazo upande wa nje ni laini kama kifungo cha kanzu na hakuna pa kutia bisibisi wala spana, huku nati ikikazwa kwa ndani juu ya washa pana, yaani kile kisahani cha chuma chenye tundu. Unene wa milimita 8 unatosha kwa mlango wa mbao, na 10 ni bora zaidi kwa geti. Bamba lenyewe liwe la aina ambayo, likishafungwa, hufunika vichwa vya skurubu zake zote. Kwenye miimo ya mlango, pale komeo linapoingia na pale bawaba zinaposhikilia, tumia skurubu za inchi 3 au zaidi zinazopita kwenye fremu mpaka ukutani. Vitu hivi ndivyo vya bei ndogo kabisa katika mwongozo huu, na kwa sababu hiyo hiyo watu huvidharau. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walilielewa jambo hili vyema, kwani ukiitazama milango yao ya zamani utaona mnyororo mzito na tumbuu iliyozama ndani ya gogo la kizingiti, na nyuma yake pingo linalokwenda kutoka mwimo mmoja hadi mwingine. Nguvu ya mlango ilikuwa katika mbao na chuma kilichozama ndani yake, na kufuli lilikuja baadaye.

Ikiwa mlango wenyewe ni wa mbao nyepesi zilizobandikwa juu ya fremu tupu, basi haya yote hayatafaa mpaka ubadilishwe. Mlango wa mbao ngumu, uwe wa mvule, mtiki au mfenesi uliokauka vizuri, utashika bolti kwa miaka mingi. Mbao mbichi hujikunja masika, na kitasa kilichokuwa kikifunga kwa kidole kimoja huanza kugoma.

Nafasi ya pili ni kitasa kinachochimbiwa ndani ya ubao, na hapa tofauti ya ndani ni kubwa kuliko inavyoonekana nje. Vitasa vingi vya bei nafuu vina vibati viwili tu ambavyo ufunguo huviinua, na mtu mwenye kipande cha waya na subira anaweza kuvifungua. Kitasa chenye vibati vitano kinataka kila kimoja kiinuliwe kwa kimo chake, na kwa hiyo ufunguo wake ni mzito na una meno mengi zaidi. Idadi hiyo aghalabu huandikwa kwenye boksi au kwenye bamba la kitasa. Waingereza wana kiwango chao cha vitasa vya namna hii kinachoitwa BS 3621, na ukikuta alama hiyo kwenye bidhaa halisi unajua kwamba imejaribiwa. Wanaopendelea kitasa cha silinda, yaani chenye kile kipande kinachoingizwa ufunguo, waangalie jambo moja ambalo mafundi wetu hulipuuza mno: silinda isitokeze nje ya bamba lake kwa zaidi ya milimita 3. Ikitokeza, hushikwa kwa koleo na kuvunjwa katikati, pale penye tundu la skurubu, ambapo ndipo penye udhaifu wake.

Sasa ndipo tufike kwenye kufuli, ambalo nimeliweka nafasi ya tatu ingawa ndilo wengi hununua mwanzo. Kwa sisi wa visiwani adui wa kwanza wa kufuli ni chumvi. Kaskazi inapovuma kutoka baharini, nyumba za Nungwi, Paje na Jambiani hupata mvuke wa chumvi kila siku, na hata zilizo ndani kidogo hazisalimiki. Kwa hiyo yale yanayosifiwa bara siyo lazima yafae hapa.

Bora kwa nje ni kufuli lenye mwili wa shaba ya njano na upinde wa chuma kisichoshika kutu, yaani lile lililotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya baharini. Abus ya Ujerumani ina makufuli ya shaba yaliyovikwa ganda la plastiki lenye kifuniko cha tundu la ufunguo, na baadhi yake yana upinde usioshika kutu. Ni ya bei kubwa, lakini kwa geti lililo pwani nayaona yanastahili bei hiyo. Linalofuata ni la shaba tupu lenye upinde wa chuma kilichopakwa kromiamu, kama yale ya Tri-Circle ya China yaliyozoeleka madukani kwetu. Mwili wake hautaoza, bali upinde utaanza kutu pale unapoingia mwilini, na kwa mlango wa ndani au wa barazani penye paa linatosha kabisa. La tatu ni lile la mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Lina nguvu dhidi ya nyundo, ila mvua ya masika huingia kati ya mabamba na kulitafuna kutoka ndani, kwa hiyo libaki kwenye stoo. La mwisho, na hili siwashauri hata kwa banda la kuku, ni la chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Namna ya kulitambua hilo la mwisho ni nyepesi. Nenda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe na kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo mwili ukinasa, hicho ni chuma. Ikiwa haukunasa, bado kwaruza kidogo upande wa chini baada ya kuomba ruhusa, kwani kuna makufuli ya zinki ambayo nayo hayanasi: shaba hubaki njano ndani kama ilivyo nje, na zinki huonyesha weupe. Kisha chukua ufunguo wa kufuli moja ujaribu kwenye makufuli mengine ya boksi lile lile. Niliwahi kufanya hivyo nikafungua la pili kati ya sita, na mwenye duka, kwa uungwana wake, akaliondoa boksi zima mezani. Mwisho, pima upinde na tundu la tumbuu yako, kwa sababu upinde mfupi unaolijaza tundu hauachi nafasi ya mkasi wa chuma wala ya mtaimbo.

Nafasi ya nne ni taa ya sola inayowaka mtu anapopita. Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa kwa nini nasema ya sola. Ielekezwe uani na kwenye mlango wa nyuma, wala isielekezwe dirishani kwa jirani. Kamera naiweka nyuma ya taa kwa kuwa huonyesha kilichokwisha kutokea, na mbwa namwachia kila mtu na nyumba yake, kwani wengi wetu hatupendelei kumfuga ndani ya ua tunaotandika mkeka wa kusalia. Jirani anayejua kuwa umesafiri, na sheha anayewajua wakaazi wa shehia yake, hawanunuliwi dukani, lakini mimi mara ile sikumwambia hata mmoja wao kwamba tunakwenda Pemba.

Kuhusu nondo za madirisha nina ombi kwa kila mwenye nyumba. Fundi akizichomelea zote, moto ukitokea usiku hakuna atakayetoka. Agiza angalau dirisha moja la kila upande wenye vyumba vya kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani, ufunguo wake utundikwe mahali ambapo hata mtoto wa skuli anapajua na mkono wa mtu wa nje haufiki, na mlango wa mbele usifungwe usiku kwa kufuli la nje. Namba ya zimamoto ni 114 na ya polisi ni 112, ziandikwe ukutani.

Vifaa vyote hivi vikishafungwa, vinataka kuangaliwa mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe kaskazi inapotulia, kabla ya masika. Osha kufuli kwa maji baridi yasiyo na chumvi ili chumvi itoke, liache likauke kivulini, kisha tia mafuta mepesi kidogo kwenye upinde na katika tundu la ufunguo, fungua na ufunge mara kumi, na upanguse yaliyozidi. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani huganda na kushika mchanga. Wakati huo huo ingia ndani na spana, ukaze kila nati nyuma ya tumbuu.