Seti ya Kupima Promota kwa Mwanga wa Kimulimuli: Maoni Baada ya Miezi Mitano

Kwa miezi mitano sasa, maabara yetu ndogo hapa Nairobi imekuwa ikitumia seti ya vitendanishi vya lusiferasi mbili, yaani vimeng'enya vinavyotoa mwanga, kuchunguza jinsi protini ya p53, inayokinga seli dhidi ya saratani, inavyoiwasha jeni ya p21, inayozuia seli kugawanyika, katika seli za saratani ya matiti za MCF-7. Muuzaji sitamtaja, kwa kuwa lalamiko langu kubwa linamhusu yeye na wala si bidhaa.

Promota ni sehemu ya DNA iliyotangulia jeni, ambapo protini zinazodhibiti unakili hujishika na kuamua iwapo jeni itasomwa na kwa kiasi gani. Mtafiti huipandikiza promota hiyo kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA, mbele ya jeni ya lusiferasi ya kimulimuli, kisha huingiza plasmidi ndani ya seli. Promota ikiamshwa, seli hutengeneza lusiferasi, nayo ikikutana na kemikali iitwayo lusiferini hutoa mwanga unaopimwa na mashine. Lusiferasi ya pili, iliyotokana na kiumbe wa baharini aitwaye Renilla, hupimwa katika kisima kilekile, yaani kishimo kilekile cha sahani ya majaribio, kwa ajili ya ulinganisho, maana visima havipokei plasmidi kwa usawa.

Katika kazi hiyo, seti hii haikutuangusha. Tulipozipa seli doksorubisini, dawa inayojeruhi DNA na hivyo kuifanya p53 ijilimbikize, mwanga ulipanda waziwazi. Tulipobadilisha herufi chache za DNA katika sehemu mbili ambazo p53 hujishika, zilizo takriban herufi 2,300 na 1,400 kabla ya mahali unakili unapoanzia, karibu ongezeko lote lilitoweka. Unyeti wa namna hii ni muhimu, kwani katika saratani herufi moja inaweza kubadilisha mambo: mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba badiliko la herufi moja katika promota ya TERT, jeni inayosaidia seli kuendelea kugawanyika, linaloonekana katika melanoma (aina ya saratani ya ngozi) nyingi, huunda mahali papya pa kushikwa na protini za jamii ya ETS, ambazo hudhibiti unakili, na jeni iliyopaswa kulala ikaamka.

Mwanafunzi wetu mmoja aliwahi kuilaumu seti bure. Alitumia seli za HeLa, zilizotokana na saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu hukua haraka, akashangaa mwanga haupandi ipasavyo, akiwa amesahau kwamba seli hizo hubeba jeni za kirusi cha HPV-18, ambacho protini yake ya E6 huifanya p53 iharibiwe.

Mnunuzi asiitarajie seti hii imjibu kila swali. Plasmidi haikufungwa katika kromatini (DNA iliyozungushwa kwenye protini) kama kromosomu ilivyo, kwa hiyo mwanga huonyesha kwamba p53 inaweza kuiendesha promota, si kwamba imekaa juu yake kwenye kromosomu ndani ya seli ya uvimbe. Kwa hilo la pili utahitaji kunasa kromatini kwa kingamwili, kazi ndefu na ghali zaidi.

Maelezo ya matumizi ni mazuri, ila yanagusia tu suala la joto. Asubuhi za Julai, maabara ikiwa baridi, vipimo vyetu vilishuka mpaka tukadhani seli zimekufa, kumbe kimeng'enya kilikuwa kimepoa. Sasa tunaacha vitendanishi na sahani vifikie joto la chumba kwanza, na tunapima sampuli zinazolinganishwa katika kikao kimoja. Vitendanishi vilivyokwisha kuchanganywa tunavigawa katika vichupa vidogo na kuvihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ili visigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara. Jokofu hilo nalo linategemea jenereta, kwani umeme wa mtaani kwetu haukawii kukatika.

Lalamiko langu ni usafirishaji. Mzigo wa kwanza ulitumwa siku ya Alhamisi, ukafika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta Ijumaa jioni, ukalala forodhani hadi Jumatatu. Tulipoufungua, barafu kavu ilikuwa imekwisha yote na lusiferini haikuwa na nguvu yoyote. Muuzaji alikataa kutufidia, akidai kwamba jukumu lake liliishia mzigo ulipopakiwa ndegeni. Tutaagiza tena, kwa sharti lililoandikwa kwamba mzigo usafirishwe mwanzoni mwa juma, hati za forodha zitangulie, na barafu kavu itoshe siku tano.