Magongo mazito ya softiboli: uzoefu wangu wa wiki nane

Seti niliyoitumia kuongeza kasi ya mpigo ina magongo mawili ya urefu wa inchi 33: zito la gramu 780 na jepesi la gramu 520. La tatu ni gongo langu la mechi, gramu 650. Ndani ya mfuko kulikuwa pia na pete ya chuma iliyovishwa mpira, ile inayovalishwa upande mnene wa gongo, gramu 454. Magongo mawili nayasifu, na jepesi nalisifu kuliko zito. Pete siipendekezi kwa mtu yeyote anayesubiri zamu yake ya kupiga.

Nianze na hiyo pete, kwa sababu ndiyo ninayoiona mara nyingi viwanjani kwetu Kampala, kuanzia Lugogo hata kwenye viwanja vya shule. Ilipata umaarufu miaka ya 1960 kupitia Elston Howard, mdakaji wa New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani, na wapigaji wameiga tangu hapo. Tufanye hesabu. Gramu 650 ukiongeza 454 unapata zaidi ya kilo 1.1, yaani asilimia 70 juu ya gongo lako, na uzito wote huo umekaa mbali na mikono, mahali unapovuta zaidi. Ukiivua, gongo linahisi kama unyasi. Hisia hiyo inadanganya: mwendo uliozoeshwa dakika moja iliyopita ni wa polepole, na mara nyingi mpigo unaofuata huchelewa ingawa mikono inakuambia umeharakisha. Mbele ya mrushaji aliye mita 13.11 kutoka kwako, mpira wa kilomita 100 kwa saa unakufikia chini ya nusu sekunde. Si wakati wa kudanganywa na mikono yako.

Magongo ya seti yamepimwa vizuri: tofauti ni asilimia 20 juu na 20 chini. Hapo mwili bado unapiga kwa umbo lake la kawaida. Ila kabla ya kununua, pima gongo lako kwa mizani ya jikoni. Usiamini namba zilizochapwa. Alama 33/23 maana yake ni inchi 33 na aunsi 23, kama gramu 652, lakini ukiweka mshiko mpya na utepe, uzito unapanda. Asilimia zako zihesabiwe kutoka kwenye uzito halisi.

Ratiba niliyofuata ni siku tatu kwa wiki, nikiacha siku moja katikati. Kwanza dakika kumi za kupasha mwili: nyonga, mabega, vigasha. Kisha mizunguko mitano, kila mmoja mipigo minne ya zito, minne ya jepesi, minne ya gongo la mechi. Jumla 60. Kati ya mpigo na mpigo pumzika sekunde 10 hadi 15, kati ya mizunguko dakika mbili. Watu wanaharakisha mapumziko wakidhani jasho ndiyo kazi; ukichoka unazoesha mwili kupiga polepole, basi. Wiki mbili za mwanzo zito lisizidi asilimia 10 juu ya gongo la mechi (tumia lile la tyubu ninaloeleza hapa chini), na kwa wasichana wa chini ya miaka 14 ningebaki hapohapo msimu mzima. Daima malizia na gongo la mechi, ukipiga mipira kwenye stendi, yaani nguzo fupi inayoshikilia mpira, au ukirushiwa kutoka pembeni, wavu mbele yako.

Makosa sasa. La kwanza ni kichwa cha gongo kudondoka chini ya mikono mwanzoni mwa mpigo. Uzito unakivuta, bega la nyuma linashuka, na mipira yako yote inapaa juu bila nguvu. Dawa ni kushusha uzito kwa wiki moja na kuweka stendi kwenye urefu wa kifua, ambapo gongo lililodondoka halifiki. La pili ni mikono kwenda mbali na mwili. Simama umbali wa gongo moja kutoka kwenye wavu, kitako cha gongo kikigusa kitovu chako na ncha ikigusa wavu, kisha piga hewa: gongo likigonga wavu, unazungusha kwa mikono badala ya nyonga. La tatu linauma zaidi. Mpigaji anapiga zito kwa nguvu zote halafu anajaribu kulisimamisha ghafla. Mzigo unaangukia ubavu na kiuno. Acha gongo limalize safari hadi begani. Ukihisi kichomo ubavuni, weka gongo chini siku hiyo, usijikaze.

Gongo jepesi lina kosa lake pia: wengi wanalipiga kivivu kwa vile halichoshi. Hilo ndilo la kupiga kwa kasi yako yote, maana ndilo linaloufundisha mwili kasi usiyoifikia na gongo la mechi.

Kuhusu ubora, mshiko wa zito ulianza kuchanika wiki ya tano na nikaufunga upya. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, unateleza. Kuwa na kitambaa kikavu. Zito ni la kupiga hewa na mipira laini tu, na maelekezo ya seti yanasema hivyo, ila kwa herufi ndogo mno. Pete nayo ilikwaruza rangi ya gongo. Kwa gongo la alumini si neno, lakini gongo la nyuzi za kaboni usilivalishe chuma kabisa, maana ufa mdogo huanzia kwenye mikwaruzo kama hiyo.

Timu isiyoweza kununua seti ichukue gongo kuukuu la alumini na vipande vya tyubu ya baiskeli. Zungusha tyubu kwa kubana, funga kwa utepe wa fundi umeme, pima, ongeza hadi ufike gramu 65 au 130 za ziada. Weka kuanzia katikati ya gongo kwenda upande mnene. Ukiweka karibu na mikono mizani itasoma uzito ila mpigo hautabadilika. Usimpelekee fundi vyuma wa mtaa wa Katwe akujazie mchanga ndani. Mchanga unahama kila mpigo, na kizibo cha mbele kikichomoka kinaruka kumwelekea mwenzako.

Kasi nilipima kwa simu, video ya fremu 240 kwa sekunde, nikihesabu fremu kutoka gongo linapoanza kusogea hadi linapogusa mpira, wastani wa mipigo kumi, kila Jumamosi kabla ya mazoezi. Zilipungua fremu tatu kwa wiki nane. Hizo ni sekunde 0.0125, na mpira wa kilomita 100 kwa saa unakwenda sentimita 35 hivi katika muda huo: umbali ambao sasa naweza kuuangalia kabla ya kuamua kama napiga.