Mafuta ya karoti ya "kukinga jua" kutoka Kariakoo: nyota mbili, labda hata hizo ni nyingi

Nianze na haki yake: kwa ngozi kavu mafuta haya ni mazuri. Hayanati, na chai ya kijani na vitamini E zilizomo ni vitu vya maana kweli. Lakini lebo inasema "mbadala kamili wa losheni ya jua". Nilipomuuliza muuzaji ni kitu gani humo ndani kinachozuia miale, alinijibu mbele ya wateja: "Kaka, kama huna hela sema tu, usitusumbue."

Basi jibu nililonyimwa ni hili. Rangi ya chungwa ya karoti ndiyo inayowapumbaza watu. Betakarotini, ndiyo rangi yenyewe, hufyonza zaidi mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450. Miale ya UVB, ile inayobabua, iko kati ya 280 na 315, na UVA, miale mingine ya jua isiyoonekana, inaishia 400. Sehemu kubwa inapita tu. Mafuta ya nazi yaliyobeba mchanganyiko huo, yakipimwa maabara, hayafikishi SPF (kipimo cha kinga ya jua) 10, na kwenye joto hutiririka yakajikusanya kwenye mikunjo, vilele vya ngozi vikabaki wazi. Katechini za chai ya kijani nazo hutuliza kemikali haribifu ambazo miale huzizalisha ikishaingia. Ni kazi muhimu, lakini ni ya kuzima moto, si ya kuuzuia usiwake.

Halafu kipimo: "matone matatu yanatosha uso mzima". Matatu! SPF hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo uso unadai karibu robo ya kijiko cha chai. Matone matatu ni kama sehemu ya nane ya hapo. Hata losheni halisi ya SPF 50 ikipakwa hivyo haikingi inavyotakiwa, sembuse mafuta matupu, na jua la Dar la saa sita likiwa utosini.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni mama aliyekuja na mtoto mwenye ualbino. Akaambiwa yanamfaa "hata zaidi, maana hayana kemikali", naye akanunua. Mtoto yule anahitaji losheni ya SPF 30 au zaidi, yenye oksidi ya zinki au vichujio vingine vya kweli, apakwe upya kila baada ya saa mbili akiwa nje, pamoja na kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni ya jua ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Melanini anayoikosa, ile rangi ya ngozi inayokinga jua, haizibwi na karoti.

Nilikusudia kubakiza nyota mbili, kwamba angalau yanafaa kupakwa usiku. Nimesoma lebo tena: mafuta ya maganda ya ndimu, yaliyokamuliwa bila moto. Hayo hubeba furanokumarini, kemikali zinazochochewa na jua, na yakiwa kwenye ngozi yakakutana na UVA, unaungua: wekundu na malengelenge siku moja au mbili baadaye, kisha madoa meusi ya miezi. Yaliyotolewa kwa mvuke huwa na kiasi kidogo sana, lakini si haya. Yaani yanauzwa kukinga jua, na yanaongeza makali yake!

Nafuta nyota zote. Muuzaji, toa ndimu, futa neno "mbadala", na yule mama mrudishie hela yake.