Kununua marumaru za sebule, jiko na bafu: hesabu yangu yote, na duka nililonunua

Nyumba yetu iko Chanika. Sakafu ilikuwa ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu, na mwaka huu tukaamua kuweka marumaru sebuleni, kwenye korido, jikoni na bafuni. Picha za sebule zinazong'aa mmeziona nyingi, hivyo mimi naweka hesabu. Duka lipo Barabara ya Nyerere. Jina nalihifadhi, ila walichofanya vizuri na walichoniudhi nitavisema vyote.

Kwanza bei. Inayobandikwa ni ya boksi, na maboksi hayalingani. Kariakoo niliona marumaru za sentimita 40 kwa 40 zinauzwa 24,000 kwa boksi, na duka la pembeni yake 27,000. Ukiwa na haraka unakimbilia la 24,000. Sasa soma ubavuni: la 24,000 lina vipande 10, yaani mita za mraba 1.6, na la 27,000 lina vipande 12, yaani 1.92. Ukigawanya, boksi "rahisi" linakuuzia mita ya mraba kwa 15,000 na lile "ghali" kwa 14,000 na senti kidogo. Kuanzia hapo kila muuzaji nilimuuliza mita inakuja shilingi ngapi. Wapo waliotoa kikokotoo papo hapo, na wapo waliokunja uso.

Vipimo tulichukua wenyewe, tepu mkononi. Fundi alikuwa ameshatoa makadirio yake akiwa amesimama mlangoni: "Mama, sebule na korido hapo andika boksi thelathini." Nikamwambia, "Sawa fundi, lakini tupime kwanza." Sebule ni mita 5 kwa 4.5, korido 6 kwa 1.2, jumla mita za mraba 29.7. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, unafika 32.7 hivi. Boksi la 60 kwa 60 lina vipande 4, mita za mraba 1.44, kwa hiyo ni boksi 23. Skatingi, yaani ule mstari wa chini ya ukuta, tulikata kutoka marumaru zilezile badala ya kununua zilizokatwa tayari: kipande kimoja kinatoa vipande sita vyembamba vya karibu sentimita 10, na kwa mita 27 za ukuta boksi mbili zinatosha. Jumla 25. Tofauti na boksi thelathini za fundi ni shilingi 190,000, kwa kuwa boksi moja ni 38,000. Sidhani alitaka kuniibia. Mafundi wengi wanaogopa mzigo kuisha kazi ikiwa katikati, na hapo wana haki. Ukipanga kuzilaza kwa mshazari, asilimia 10 haitoshi, weka 15.

Jikoni (mita 3 kwa 3) tuliweka zile za 40 kwa 40, boksi 6. Bafuni ukutani tulipanda mpaka mita 2.1, tukatoa eneo la mlango, ikaja boksi 10 za 25 kwa 40. Sakafu ya bafu ni ndogo, boksi 3 za 30 kwa 30. Marumaru zote pamoja zilikuwa shilingi 1,434,000.

Wengi wanaishia hapo, wanasema bajeti wanayo. Tazama kilichofuata. Gundi mifuko 14 ya kilo 25 kwa 17,000 ni 238,000. Grauti, ya kujazia nafasi kati ya vipande, 60,000. Spesa, vile vya kutenganisha vipande wakati wa kulaza, na visu vya grinda 40,000. Canter 90,000, vijana wa kushusha 25,000. Ufundi 9,000 kwa mita ya mraba, pamoja na skatingi, ukafika 549,000. Kuichimbachimba sakafu ya zamani kwa tindo ili gundi ishike, maana ile rangi nyekundu ilikuwa imeshakuwa laini kama sahani, 120,000. Milango minne ilipunguzwa chini kwa 40,000, kwa sababu sakafu ikipanda mlango haufunguki. Jumla kuu 2,596,000. Yaani marumaru zenyewe ni zaidi kidogo ya nusu tu ya pesa yote. Ukienda dukani na milioni moja na nusu ya "tailizi" ukadhani umemaliza, utarudi kukopa ya fundi.

Kuhusu gundi kulikuwa na ubishi. Fundi alitaka kulaza kwa mchanga na simenti alivyozoea, na kwa jengo jipya ambalo sakafu haijanyooka njia hiyo inafaa. Sisi tayari tulikuwa na sakafu ngumu iliyonyooka, na mota ingetupandisha sentimita tatu au zaidi, milango yote ingekuwa vita. Pia marumaru za 60 kwa 60 tulizonunua ni za poselini, ambazo hunyonya maji kidogo sana, si zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo simenti tupu haizishiki vizuri. Za ukutani ni tofauti, zinakunywa maji. Dondoshea maji mgongoni mwa kipande utaona yanavyopotea. Ndiyo maana za ukutani hazifai sakafuni hata ukizipenda rangi.

Sasa duka. Nawasifu kwa kuniruhusu kufungua boksi na kupanga vipande vinne chini, kwenye mwanga wa nje, na kulaza viwili uso kwa uso kuangalia kama vimepinda. Kijana aliyetuhudumia hakunisukumia za kung'aa. Nilipomwambia tunakaa barabara ya vumbi na nyumbani kuna bibi wa miaka mingi, mwenyewe akatoa za sura ya mawe zisizoteleza, za bei ya chini kuliko nilizokuwa nazitazama. Bafuni kwa kweli usiweke ya kung'aa chini. Walikuwa na za Chalinze na za Mkuranga, pamoja na za nje. Nilichukua za hapa nchini, kwa sababu moja isiyo ya uzalendo: boksi likipungua miezi sita baadaye, uwezekano wa kupata zinazofanana ni mkubwa kuliko kusubiri kontena.

Bei waliyonitajia ilikuwa na VAT ya asilimia 18 ndani, na risiti ya EFD wakatoa bila kuombwa. Ulizeni hilo mapema, kwa sababu duka moja nililopita kabla lilikuwa na bei tamu ambayo ilibadilika nilipotaja risiti.

Kilichoniudhi ni mzigo. Canter ilipofika tukasoma namba za shedi, zinazoonyesha toleo la rangi, kwenye kila boksi kabla ya kushusha, na boksi tatu zilikuwa na namba nyingine. Ndani ya boksi huoni kitu. Ukizipanga pembeni ya nyingine, moja ina uweupe, nyingine imeegemea manjano. Nikapiga simu dukani. "Dada, hiyo ni ileile, ikikanyagwa mwezi mmoja hutaona tofauti." Nikamwambia kaka, kama ni ileile basi nibadilishie, hutapata hasara. Wakakubali kubadilisha, ila usafiri wa kurudisha walitaka nilipe mimi wote. Tulivutana mpaka tukagawana nusu kwa nusu, na risiti ndiyo iliyonisaidia kubishana. Kosa ni la stoo yao, nusu ile haikupaswa kutoka mfukoni kwangu.

Jambo la Canter lenyewe: jirani alinishauri kirikuu ili niokoe pesa. Boksi moja la 60 kwa 60 lina kilo kama 30. Mzigo wetu pamoja na gundi ulipita tani moja. Kirikuu kingeenda safari nyingi, na marumaru za pembeni zingefika zimemeguka kona.

Sebuleni zilibaki vipande vitano vizima, jikoni boksi moja halijafunguliwa. Dukani walikuwa wameandika nyuma ya risiti kwamba boksi lenye utepe wake wanalipokea ndani ya mwezi, na wangelipokea, lakini lile la jikoni nimeliweka stoo makusudi. Fundi bomba akija kupasua sakafu sitataka kuanza kutafuta shedi upya. Kwa sakafu ningerudi duka lilelile, tena ningesimama stoo mwenyewe wakati wanapakia. Kwa marumaru za ukutani, Kariakoo walikuwa nafuu kwa shilingi elfu mbili kila boksi na uchaguzi wa rangi ni mpana zaidi. Kama una boksi nyingi za bafu, nenda huko kwanza, na hesabu yako ya mita ukiwa nayo kwenye karatasi.